Maswali yenu: Moyo umepata mshtuko, na thairoidi nayo "imeshuka"?

Karibuni tena kwenye ukurasa wa maswali. Safari hii maswali mengine yote nimeyaweka pembeni nimechukua ya thairoidi na moyo tu, maana yamekuja mengi na karibu yote yana hadithi moja: mgonjwa kapata mshtuko wa moyo, kachukuliwa damu ya kupima kila kitu, kwenye karatasi ya majibu thairoidi ikaonekana haiko sawa, halafu hakuna aliyekaa na familia akawaelezea, basi watu wa nyumbani wanaanza kuhangaika wenyewe. Majina nimeyatoa na maswali nimeyafupisha.

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Morogoro kwa ajili ya baba yangu ana miaka 61. Alipata mshtuko wa moyo tukampeleka Dar akawekewa stenti moja, ile bomba ndogo ya kuuacha wazi mshipa wa moyo, namshukuru Mungu anaendelea vizuri. Siku ya tatu akiwa bado ICU walimpima damu na thairoidi ikiwemo. Majibu TSH 3.1, T4 huru 15, T3 huru 2.4 na hiyo ya mwisho imewekewa herufi L. Pale hospitali hawakusema kitu, tumepewa dawa za moyo tu. Tulivyorudi nikamuonyesha mtu wa famasi ile karatasi akasema thairoidi ya mzee imelala ndo maana anachoka, akatupa levothairoksini za mikrogramu 100 kwenye bahasha ya kaki, kimoja kila asubuhi. Mzee bado hajaanza, mimi ndo nimesita. Je aanze? Na kama T3 iko chini si moyo utaharibika zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nikujibu kwanza lile la haraka, mzee asianze hivyo vidonge, levothairoksini ni homoni ya thairoidi ya kidonge. Umefanya vizuri sana kusita. Sasa nikuelezee kwanini, na hapa nitakaa kidogo maana hili ndo swali lililobeba mengine yote.

Tezi ya thairoidi hapo shingoni inatoa homoni mbili, T4 ndo nyingi, T3 inatoka kidogo tu. T4 yenyewe haina nguvu sana, inazunguka kwenye damu mpaka ikifika kwenye ini, figo na misuli inavuliwa chembe moja ya madini joto inageuka T3, na hiyo T3 ndo inaingia ndani ya seli, ndo inauambia moyo upige kwa kasi gani na mwili uchome chakula kiasi gani. TSH haitoki shingoni, inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo na kazi yake ni kuisukuma thairoidi ifanye kazi, kwa hiyo thairoidi ikilegea TSH inapanda, thairoidi ikizidisha TSH inashuka. Ndo maana mtu akitaka kujua kama thairoidi inaumwa anaanza na TSH.

Haya sasa shika karatasi ya mzee uiangalie upya. TSH 3.1, na maabara nyingi kawaida yao ni kati ya 0.4 na 4. T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu, ni 15, kawaida ni kama 12 mpaka 22. Zote mbili ziko sawa kabisa. Kilichoshuka ni T3 peke yake, 2.4 wakati kawaida inaanzia kwenye 3.1 hivi. Kwa hiyo thairoidi haijalala, inatoa T4 yake vizuri tu, ila mwili wenyewe ndo umepunguza kuigeuza T4 kuwa T3. Hii hali inampata mtu yeyote aliyeumwa sana, awe ametoka kwenye operesheni kubwa, awe na maambukizi makali kwenye damu, awe amepata mshtuko wa moyo, hata mtu asiyekula siku kadhaa. T3 inaanza kushuka mapema sana, ndani ya masaa na siku za mwanzo, na sehemu ya T4 inageuzwa kuwa T3 ya kinyume ambayo haifanyi kazi. Mgonjwa akipona inarudi yenyewe bila kidonge.

Umeniuliza kama T3 ikiwa chini moyo utaharibika zaidi, na swali lako ni zito kuliko unavyodhani maana madaktari wenyewe wanalibishania mpaka leo. Kuna wanaosema mwili unajikinga, moyo umeumia kwa hiyo mwili unapunguza kasi ili moyo usidai oksijeni nyingi. Kuna wengine wanasema hapana, mwanzoni labda ni kinga ila ikikaa hivyo muda mrefu inaudhoofisha moyo. Wataalam wa Pisa kule Italia mwaka 2003 walichapisha utafiti wa wagonjwa wa moyo 573, wakaonyesha wale wenye T3 ya chini walikufa zaidi kuliko wenye T3 ya kawaida. Sasa hapo ndo watu wanaporuka na kusema basi wapewe T3. Lakini aliyeumia zaidi ndo T3 yake inashuka zaidi, kwa hiyo namba ikiwa ya chini inaweza ikawa inakuonyesha tu ukubwa wa jeraha, siyo yenyewe inayoua. Majaribio ya kuwapa T3 wagonjwa waliotoka kupata mshtuko yamefanyika Italia na Ugiriki, ni madogo, na mpaka sasa haijawa tiba ya kawaida kumpa mgonjwa wa mshtuko homoni kwa sababu T3 imeshuka.

Na historia inatufundisha tuwe na subira na hii tezi. Mwaka 1933 kule Boston, Marekani, madaktari wakiongozwa na Herman Blumgart walikuwa wanawatoa thairoidi nzima wagonjwa wa moyo, thairoidi ambayo ilikuwa nzima haina ugonjwa wowote, wakiamini mwili ukipoa na moyo utapumzika. Maumivu ya kifua kweli yalipungua kwa baadhi yao lakini mgonjwa anabaki amevimba uso, mzito, anasikia baridi muda wote. Baadaye upepo ukageuka kabisa, miaka ya 1960 hukohuko Marekani ukaanza utafiti mkubwa wa wanaume 8,341 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, na kundi mojawapo lilipewa dawa inayoitwa dekstrothairoksini, ni ndugu wa homoni ya thairoidi, lengo likiwa kushusha kolesteroli. Kolesteroli ilishuka. Ila waliokuwa wanaitumia wakawa wanakufa zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa, ikabidi kundi hilo lisimamishwe, matokeo yakachapishwa 1972. Mimi nikiona mtu anagawa homoni ya thairoidi kwa mgonjwa wa moyo kwenye bahasha ya kaki bila jina la daktari nakumbuka hao wanaume.

Na dozi yenyewe, mikrogramu 100 kwa mzee wa miaka 61 aliyetoka ICU juzi, thairoidi yake inafanya kazi! Moyo unaenda mbio, unadai oksijeni ambayo mishipa yake haiwezi kuleta, maumivu ya kifua yanaweza kurudi, mapigo yanaweza kuvurugika. Na hii dawa haitoki mwilini haraka, nusu yake inachukua kama wiki nzima kuondoka, kwa hiyo ukigundua umekosea leo, athari utakaa nayo wiki kadhaa.

Sasa kuchoka kwa mzee. Msuli wa moyo uliokufa kipande unachukua wiki nyingi kupona kuwa kovu, na hizo dawa za kupunguza mapigo kama bisoprololi zinaweza kumlegeza mtu hasa mwanzoni. Muulize daktari wa moyo apime wingi wa damu na aangalie presha isije ikawa imeshushwa mno, na nyie nyumbani angalieni usingizi wake na huzuni, maana wanaume wengi baada ya mshtuko wanaingia kwenye huzuni nzito hawasemi, watoto wanadhani ni uchovu. Kama anapumua kwa shida akilala chali au miguu inavimba, hiyo siyo ya kusubiri kliniki, mrudisheni.

Kipimo cha thairoidi kirudieni baada ya wiki 6 mpaka 8 akiwa nyumbani ametulia, TSH na T4 huru zinatosha. Mkirudia mapema mno mnaweza kutishika tena bure, maana mtu akiwa anapona TSH yake inaweza kupanda juu ya kawaida kwa muda halafu ikashuka. Halafu kuna mambo ya wodini yanayochafua majibu, heparini ile sindano ya kuzuia damu kuganda inaweza kuifanya T4 huru ionekane iko juu wakati siyo kweli, na dawa za steroidi na dopamini zinaishusha TSH.

Nisieleweke kwamba majibu ya ICU hayana maana kamwe. TSH ikitoka 30 au 50 huo ni ugonjwa, na ikitoka karibu na sifuri huku mapigo yanaruka ruka hovyo huo nao ni wa kushughulikiwa hapohapo. Na kabla hata ya karatasi naomba mumuangalie mzee shingo. Akae mbele ya dirisha, ainue kidevu kidogo, mpe maji kwenye glasi ameze, kama kuna uvimbe unaopanda na kushuka anapomeza hiyo ni thairoidi. Angalia pia kovu, mstari mwembamba unaopita chini ya koo pale mkufu unapokaa, wengi walifanyiwa operesheni ya goita wakiwa vijana na hawamwambii daktari maana wanaona yameshapita, na kina mama kovu linafichwa na mtandio. Mkiona kimojawapo mwambieni daktari wa moyo.

SWALI: Habari daktari, niko Nairobi, nina miaka 57. Nilipata heart attack miezi mitatu iliyopita, niko poa sasa naenda kazi. Kwa clinic wamenipima thyroid mara mbili, TSH ni 6.4 na juzi 6.1, T4 iko sawa. Daktari mmoja anasema nianze dawa, mwingine anasema tungoje. Nifuate nani?

JIBU: Nzuri sana ndugu yangu. Wewe siyo kama yule mzee wa Morogoro maana umepima ukiwa umeshapona na umepima mara mbili, kwa hiyo hiyo TSH ni ya kweli. Hali yako ni kwamba thairoidi imeanza kulegea kidogo ila T4 bado inatosha. Ni hali ya watu wengi, na TSH huwa inapanda kidogo kidogo kadri umri unavyoenda.

Kwa bahati nzuri swali lako lenyewe kama lilivyo lilishafanyiwa jaribio. Hospitali 6 za kaskazini mwa Uingereza zilichukua wagonjwa 95 waliotoka kupata mshtuko wa moyo wenye TSH ya juu kidogo kama yako, nusu wakapewa levothairoksini nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa kwa wiki 52, wakapigwa picha ya MRI kuangalia moyo unasukuma damu kwa nguvu kiasi gani. Matokeo yalitoka 2020, hakukuwa na tofauti. Waliopewa dawa hawakuwa na moyo wenye nguvu kuliko wenzao. Na utafiti huu kutoka upande huo wa nchi kwangu una uzito wa pekee, maana ni Newcastle hukohuko ambako mwaka 1891 daktari George Murray alimchoma mwanamke mmoja maji ya thairoidi ya kondoo, mama ambaye thairoidi yake ilikuwa imekufa kabisa, akapona na akaishi miaka 28 zaidi. Mji ule umetuonyesha pande zote mbili, homoni inaokoa mtu ambaye hana kabisa, na kwa ambaye anayo ya kutosha haimuongezei moyo nguvu.

Kwa hiyo mimi niko na huyo daktari anayesema mngoje. Pima TSH na T4 tena baada ya miezi 6. TSH ikivuka 10, au T4 ikianza kushuka, au ukaanza dalili zenyewe, baridi wakati wenzako wanatoa jasho, choo kigumu, ngozi kukauka, sauti kuwa nzito, hapo mazungumzo yanabadilika. Yule daktari mwingine naye hajasema uongo, wapo wanaotibu mtu chini ya 10 kwa sababu maalum, muulize sababu yake ni ipi kwako wewe. Nguvu zako ziweke kwenye dawa ambazo tuna uhakika nazo, ile ya kolesteroli, ile ya kuzuia damu kuganda, presha, na sigara kama unavuta uache kabisa.

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni wa Mombasa, mke wangu ana miaka 55, alipatwa na mshtuko wa moyo, na kabla ya hapo alikuwa na miaka miwili amenenepa, uso umejaa, nywele zamtoka, misuli yamuuma hasa tangu aanze dawa ya kolesteroli. Kupimwa TSH ni 48 na T4 iko chini. Daktari amemuanzishia levothairoksini 25 tu. Jirani yetu atumia 100 na hana hata ugonjwa wa moyo. Dozi hii si ndogo sana? Twaona tunacheleweshwa.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, Mungu amponye mkeo. Hamcheleweshwi, huyo daktari anajua anachofanya. Huyu ni mgonjwa wa thairoidi kweli, TSH 48 na T4 chini haina ubishi, na dawa anaihitaji pengine maisha yake yote. Ila moyo wake umezoea kuishi bila homoni kwa muda mrefu, unapiga polepole, halafu sasa una mshipa ulioziba. Ukiurudishia homoni yote kwa siku moja unauamsha kukimbia wakati damu ya kuulisha haitoshi. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa moyo tunaanza na 12.5 au 25, tunapanda kidogo kidogo kila baada ya wiki 4 mpaka 8 tukiangalia TSH na tukimuuliza kama kifua kinabana. Jirani yenu aliweza kuanza juu kwa sababu moyo wake mzima.

Na nataka mjue hizi ajali mbili za mkeo pengine siyo za kukutana njiani tu. Thairoidi ikilala ini linashindwa kuiondoa kolesteroli mbaya kwenye damu, inajaa, ile namba ya chini ya presha nayo inapanda, na ikienda hivyo miaka mishipa ya moyo inaumia. Ndo maana mtu mwenye kolesteroli ya juu tunataka apimwe TSH kabla ya dawa. Hayo maumivu ya misuli pia, thairoidi iliyolala yenyewe inauma misuli, na dawa za kolesteroli zikiingia juu yake maumivu yanazidi na uwezekano wa misuli kudhurika unapanda. Asiache dawa ya kolesteroli kwa kujiamulia, amwambie daktari anaumwa wapi na apimwe misuli kwenye damu, mara nyingi dozi inapunguzwa kwa muda na thairoidi ikikaa sawa maumivu yanaondoka.

Jinsi ya kumeza ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, nimeona wagonjwa wanaongezewa dozi kila mara kumbe tatizo ni chai. Kidonge kimezwe asubuhi tumbo tupu na maji matupu, akae nusu saa mpaka saa nzima ndo anywe chai yake, na kahawa pia hapo hapana. Vidonge vya chuma, kalsiamu na dawa za vidonda vya tumbo zile za kutafuna viachane nacho masaa 4. Akisahau siku moja asije akameza viwili vitatu kufidia bila kuuliza. Kwenye Ramadhani muulize daktari wake mapema mpange saa, wengi wanakimeza kabla ya daku au usiku wakati tumbo limeshakaa masaa kadhaa bila chakula. Na kama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari kila dozi ya thairoidi inapobadilika, kwa sababu homoni ikipanda wafarini inapata nguvu zaidi na anaweza kutoka damu, kipimo cha INR, kile cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, kifanywe mara kwa mara kipindi hicho.

Kifua kikibana, mapigo yakienda mbio akiwa amekaa, au akianza kukosa usingizi na kutetemeka mikono baada ya kuongezewa dozi, asisubiri tarehe ya kliniki.

SWALI: Shikamoo. Mama yetu yuko Mbeya ana goita kubwa ya siku nyingi, haijawahi kumsumbua. Sasa moyo, ameandikiwa kwenda Dar kupigwa picha ya mishipa ya moyo ile ya kuingiza waya mkononi, na pia mapigo yake yanaruka anatumia amiodaroni. Mtu ametuambia hiyo dawa ya picha ina madini joto itamuua kwa sababu ya goita. Tumkataze?

JIBU: Marahaba. Msimkataze, ila msiende kimya. Mwambieni daktari wa Dar kabla, mama ana goita na anatumia amiodaroni, semeni kwa mdomo msitegemee karatasi.

Ni kweli dawa inayopigwa kwenye mishipa ili ionekane kwenye picha imejaa madini joto. Nyanda za juu kusini goita zilikuwa nyingi sana kwa kukosa madini joto, ndo sababu ya ile chumvi tunayonunua sasa. Goita iliyokaa miaka kwenye ukame huo inaweza kuwa na vinundu ambavyo havisikilizi tena TSH, ukivimwagia madini joto kwa wingi vinaanza kutengeneza homoni hovyo, siyo siku hiyohiyo, mara nyingi ni wiki chache mpaka miezi miwili mitatu baadaye. Kwa hiyo apimwe TSH kabla ya picha, na apimwe tena baada. Ila kama mshtuko wa moyo unatokea sasa hivi picha isicheleweshwe hata dakika kwa ajili ya thairoidi, mshipa uliofunga unaua kwa masaa, thairoidi tuna muda nayo.

Amiodaroni ndo inanipa wasiwasi zaidi ya picha. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina kama miligramu 75 za madini joto, na zinazoachiwa mwilini kila siku ni miligramu 6 hivi, wakati mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, yaani ni kama mara 40. Inaweza kuilaza thairoidi na inaweza kuiwasha, na inakaa kwenye mafuta ya mwili miezi hata ukiiacha. Ni dawa nzuri, inaokoa watu, wala asiiache. Ila TSH ipimwe kabla ya kuanza na kila miezi 6 anapoitumia, na nasikitika sana kwamba hicho kipimo kinasahaulika sehemu nyingi, mgonjwa anapewa dawa mwaka mzima hajawahi kuguswa shingo. Akianza kukonda huku anakula, jasho, kutetemeka, au mapigo yaliyokuwa yametulia yakaanza tena kuruka, hiyo ni thairoidi mpaka ithibitike siyo.

SWALI: Jambo docta, tuko Bukavu. Papa yangu alipata ugonjwa wa moyo na ana rovu (goita) ndogo kwenye shingo. Watu wanasema aache ugali wa muhogo na sombe (kisamvu) na kabichi kabisa. Sasa atakula nini?

JIBU: Jambo sana. Ale. Muhogo una sumu yake ambayo mwilini inageuka kitu kinachoizuia thairoidi kuchukua madini joto, na ushahidi mkubwa ulitoka hapo jirani kwenu, kisiwa cha Idjwi, watafiti wa Ubelgiji walionyesha tangu miaka ya 1960 na 1970 jinsi muhogo ulivyochangia rovu. Lakini tatizo lilikuwa muhogo pamoja na ukosefu wa madini joto. Muhogo ulolowekwa siku za kutosha ukaanikwa vizuri, na sombe iliyotwangwa ikachemshwa sana, sumu nyingi inaondoka, na kama mnatumia chumvi yenye madini joto hakuna sababu ya kumnyima. Kabichi iliyopikwa haina shida. Kwa moyo wake angalieni zaidi mafuta mnayomwaga kwenye sombe, na chumvi yenyewe iwe kidogo hata kama ina madini joto. Hiyo rovu ipimwe TSH.

SWALI: Daktari mimi ni dada wa Dar, mama ana historia ya mshtuko wa moyo na anatumia vidonge vya nywele na kucha vya bayotini nilivyomnunulia. Juzi kapimwa thairoidi wamesema imezidi, TSH iko chini T4 juu, lakini mama hana dalili hata moja, yuko mzima kabisa. Inawezekana ni vidonge?

JIBU: Inawezekana kabisa, na umewaza vizuri. Bayotini ya dozi kubwa kama hiyo ya nywele inaichanganya mashine ya maabara, haigusi thairoidi yenyewe, ila majibu yanatoka kama thairoidi imewaka, TSH chini na T4 juu. Aiache angalau siku mbili, kama dozi ni kubwa sana aongeze siku, halafu arudie kipimo kabla hajaanzishiwa dawa yoyote ya kuzima thairoidi.

Na kwa mama yako kuna jambo kubwa zaidi. Kwenye baadhi ya mashine bayotini inaishusha pia troponini, na troponini ndo kile kipimo cha damu kinachowaonyesha madaktari kwamba moyo unapata mshtuko. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hili mwaka 2017. Maana yake mtu aliyeshapata mshtuko mara moja anaweza kufika dharura kifua kinabana, kipimo kikatoka kizuri, akarudishwa nyumbani. Kwa nywele mimi kwa mama yako ningeviacha kabisa. Kama mwenyewe hataki kuviacha basi andika jina la hivyo vidonge na kiasi chake kwenye kadi yake ya kliniki, na siku akishikwa na kifua yeyote atakayempeleka hospitali aliseme hilo pale mapokezi kabla damu haijachukuliwa.